Chuma Katika Damu ya Bonaria

Bonaria Sedda aliletwa hospitalini Alhamisi asubuhi, wiki moja baada ya mioto ya sikukuu ya Mtakatifu Antonio, katikati ya Januari, akitembea amejikunja upande wa kulia. Mama yake, Vissenta, alikuwa nyuma yake na mkoba wenye pampu ya dawa yake. Mimi nilikuwa natoka maabara kwenda kunywa kahawa. Nilipowaona niligeuka, nikavaa tena koti langu jeupe, kwa sababu Bonaria akija siku isiyo yake, lipo jambo.

Siku yake ilijulikana. Kila wiki ya tatu, Jumanne, alikuja kuongezewa damu. Alizaliwa na ugonjwa ambao kwetu kisiwani Sardinia kila ukoo una mtu wake: damu yake mwenyewe huvunjika kabla haijafanya kazi, na asipopewa ya watu wengine hawezi kuishi. Nilikuwa nimeipima damu yake kwa miaka sita, tangu nilipoajiriwa, na namba zake nilizijua kuliko siku za kuzaliwa za wadogo zangu.

Lakini damu ya watu huja na chuma chake, na mwili haujui kukitoa. Hukiweka kwenye ini, hukiweka moyoni, mfuko baada ya mfuko, mpaka moyo unachoka. Hivyo ndivyo alivyokufa Lussorio, kaka yake Bonaria, akiwa na miaka kumi na minne. Wakati ule hapakuwa na la kufanya. Miaka michache baadaye ikaja dawa inayokamata chuma na kutoka nacho kwenye mkojo. Ilitakiwa iingie polepole, kwa saa nyingi, chini ya ngozi ya tumbo, ikisukumwa na pampu ndogo isiyozidi kipande cha sabuni. Mama Vissenta alijifunza kuchoma ile sindano kwa siku moja. Tangu hapo, kwa miaka minane, kila jioni baada ya chakula alimchoma binti yake, na kila asubuhi alitazama mkojo wake. Ukiwa mwekundu kama kutu, alifanya ishara ya msalaba na kusema, "Kimetoka." Sijawahi kusikia kwamba aliruka hata jioni moja.

Mpasuaji wetu alimbonyeza Bonaria tumboni, akaachia ghafla, na Bonaria akamwita jina ambalo sitaliandika hapa.

"Kidole tumbo," akasema mpasuaji bila kukasirika. "Kesho asubuhi tunakitoa."

Aliyekuwa akiwatunza wagonjwa wote wa damu ni Dokta Anselmo Floris, mtu mrefu mwenye sauti ndogo. Alikuja na kikombe chake mkononi, akakaa ukingoni mwa kitanda.

"Homa imeanza lini?"

"Juzi," Mama Vissenta akajibu.

"Nimemuuliza yeye."

"Jumanne," akasema Bonaria. "Nikadhani ni uchovu. Tuna zulia la harusi la kumaliza, na wenzangu pale karakana ya ufumaji wanafuma kama wako likizo."

"Umeharisha?"

"Dokta, mbele ya watu wote hawa?"

"Bonaria."

"Ndiyo. Kidogo."

"Wiki hii umekula nini ambacho huli kila siku?"

Bonaria alimtazama mama yake. Mama yake akatazama dirishani.

"Jumamosi tulichinja nguruwe," akasema Mama Vissenta. "Januari kila mtu anachinja nguruwe, Dokta. Hata kwenu wanachinja."

"Na nyama ya soseji mkaionja mbichi."

"Usipoonja, chumvi utaijuaje? Tulionja sote, mimi na huyu, dada zangu wawili na jirani. Dada yangu mdogo aliharisha siku moja, basi, akaendelea na kazi zake. Sisi wengine hatukusikia kitu."

Dokta Floris alikunywa kahawa yake iliyokwisha kupoa. Kisha akamwambia mpasuaji kwamba angependa siku mbili za kusubiri. Moyo wa huyu binti, alisema, umebeba mengi, na dawa ya usingizi si kitu cha kumpa kwa kukisia.

"Kikipasuka ni juu yako," akasema mpasuaji.

"Ni juu yangu."

Kwa hiyo damu na choo cha Bonaria vikaja kwangu. Nilivipandikiza kwenye sahani za kuoteshea, kama kawaida, nikaziweka kwenye kabati la joto linalofanana na joto la mwili. Halafu nikaandaa sahani nyingine kama zile, nikaziacha nje, juu ya rafu. Mwalimu aliyenifundisha kazi hii huko Sassari alikuwa akituambia kwamba wapo vijidudu wasiopenda kufunikwa sana, wanaoota vizuri zaidi kwenye ubaridi. Januari, nguruwe, nyama iliyolala kwenye baridi: nilikuwa na mmoja wao akilini, lakini sikumwambia mtu.

Ijumaa, sahani za kabatini zilikuwa na vidoa kama ncha za sindano. Siku yenye kazi nyingi ningevipita. Bonaria alikuwa na homa ya nyuzi thelathini na tisa na nusu, na antibiotiki waliyomwanzishia haikuishusha. Nilipita wodini mchana nikamkuta amefumba macho.

"Greca," akasema bila kuyafumbua. "Umepata nini?"

"Bado."

"Unalipwa kwa lipi basi?"

Jumamosi asubuhi nilipoingia, hata koti sikuvua. Sahani za rafuni zilikuwa zimejaa madoa ya duara, yaliyonenepa vizuri kwenye ubaridi wa chumba. Nilichukua kidogo, nikaweka kwenye tone la maji chini ya hadubini. Walikuwa wakiogelea huku na huku. Nikachukua wale wa kabati la joto. Hao walikuwa wametulia, hakuna hata mmoja anayejisukuma. Ni vijidudu vilevile. Kwenye ubaridi vinaogelea, kwenye joto la mwili vinaacha. Nikafanya vipimo vingine vinne kuhakikisha, na chupa niliyooteshea damu yake nayo ikanionyesha walewale. Nikampigia Dokta Floris nyumbani.

"Ni Yersinia, yule mdudu wa nyama ya nguruwe," nikamwambia. "Wako kwenye utumbo na wako kwenye damu. Kidole tumbo hakina kosa."

Alifika baada ya robo saa, shati limefungwa vifungo mshazari. Alitazama kwenye hadubini kwa muda mrefu. Alibadilisha antibiotiki palepale kwa simu, kisha akavuta kiti.

"Kitu kimoja sikielewi," nikasema. "Yule mama yake mdogo aliharisha siku moja tu. Wengine hawakuharisha kabisa. Nyama ni ileile. Kwa nini huyu anataka kufa?"

"Kwa sababu ya chuma," akasema. "Karibu wadudu wote wanahitaji chuma ili wazaane, na mwili unalijua hilo, kwa hiyo unakificha. Chuma chako wewe, Greca, sasa hivi kimeshikwa kwenye protini zako, hakuna kinachozurura. Mdudu akiingia anakuta ghala limefungwa. Wapo wanaotengeneza ndoano zao wenyewe, wanazitupa nje, zinakinyakua chuma, wanazivuta tena ndani. Huyu wa kwetu hana ndoano. Mvivu. Ila ana mlango, na ndoano iliyotengenezwa na mwingine ikiwa imebeba chuma, anaipokea kama yake."

"Ndoano ya nani?"

"Dawa ya pampu imetoka wapi?"

Hilo nililijua, nililisoma shuleni. Ilitolewa kwenye kijidudu cha udongoni, ambacho kiliitengeneza kwa faida yake, kujikusanyia chuma. Watu waliikuta, wakaona inafaa kutolea chuma kwa wagonjwa kama Bonaria, wakaitia kwenye vichupa.

Nikakaa na mimi.

"Nimesoma habari za wagonjwa wawili," Dokta akaendelea, "sio wa hapa. Ugonjwa huuhuu, dawa hiihii, mdudu huyuhuyu. Dawa inakamata chuma mwilini, ndiyo kazi yake, na kabla haijatoka nacho kwenye mkojo, mdudu anapita anajichukulia. Hawa wadudu mwilini mwako au mwangu wangeshinda na njaa. Kwa Bonaria, kila jioni tunawapelekea chakula."

"Kwa hiyo pampu isimame."

"Isimame leo."

Alikwenda kumwambia Mama Vissenta. Nilikuwa nyuma yake na karatasi za majibu, nikasikia. Walikuwa kwenye korido, wamesimama, nesi anapita na toroli, simu inalia.

"Mama Vissenta, pampu tunaisimamisha kwa muda. Ni lazima."

"Kwa muda gani?"

"Wiki mbili, labda tatu. Mpaka apone."

"Sawa, Dokta," akasema.

Dokta akamshukuru, akaenda. Mazungumzo yale hayakuzidi dakika mbili. Mama Vissenta alibaki akinyoosha kitambaa cha kichwa ambacho hakikuwa na kasoro.

Mchana ule, kwa ukaidi wangu tu, nikataka kuona kwa macho yangu. Nilijitoa damu, nikatenga maji yake ya manjano, nikayagawa kwenye mirija miwili ya kioo. Kila mmoja nikautia vijidudu wachache wa Bonaria. Wa pili nikauongezea tone la dawa ya pampu iliyokwisha kushika chuma. Nikaiweka yote kwenye kabati la joto, nikaenda nyumbani.

Jumatatu asubuhi Bonaria alikuwa palepale. Nyuzi thelathini na tisa na nusu, midomo imekauka, na sasa hakuwa na neno la kejeli kwa mtu. Dokta Floris alikuwa amesimama mlangoni na mpasuaji.

"Dawa mpya ameipata siku mbili," mpasuaji akasema. "Ilipaswa kuonyesha kitu. Huenda kuna jipu ndani."

"Huenda," akasema Dokta. Sijawahi kumsikia na sauti ndogo kiasi kile. "Kesho asubuhi, kama hajabadilika, ni wako."

Nesi alinipa chombo cha mkojo wa Bonaria kwa ajili ya vipimo. Nilikwenda nacho mpaka katikati ya korido, ndipo nikakitazama. Ulikuwa wa rangi ya kutu.

Nilisimama pale nikahesabu. Pampu iliondolewa Jumamosi. Kufikia leo ule wekundu ulitakiwa uwe umefifia, kwa sababu hakuna dawa ya kutoa chuma. Huu ulikuwa mwekundu kama wa asubuhi yoyote ya miaka minane.

Nilirudi wodini. Mama Vissenta alikuwa amekaa kando ya kitanda, mkono mmoja juu ya blanketi. Bonaria alikuwa amelala.

"Mama Bonaria," nikamwambia taratibu, "twende mara moja maabara. Nataka nikuonyeshe kitu."

"Siwezi kumwacha."

"Dakika kumi. Nesi yupo."

Akanitazama, kisha akatazama chombo nilichoshika. Alinyanyuka, akaweka sawa blanketi upande wa tumbo la binti yake, akanifuata.

Nilimketisha kwenye kiti changu.

"Umekuwa ukimchoma," nikasema.

"Jioni," akajibu. "Nesi akishapita. Bonaria anajua Dokta ameruhusu. Nilimwambia hivyo. Usimlaumu."

"Simlaumu mtu."

"Mwanangu, wewe hukumjua Lussorio." Aliyasema haya bila kupandisha sauti, mikono imelala juu ya magoti. "Alikuwa anashindwa kupanda ngazi tatu. Tatu. Nilikuwa nambeba, mtoto wa miaka kumi na minne, na hakuwa mzito. Madaktari wakaniambia, ni chuma, Vissenta, chuma kimemjaa moyoni. Dawa ilipokuja nikasema, huyu mmoja hawatanichukulia. Halafu mtu ananisimamisha kwenye korido ananiambia, tunaisimamisha. Hakunieleza kwa nini. Nikaona wamechoka naye. Nikaona wanampunguzia mateso, kama wanavyofanya mtu akiwa hana tena la kusubiri."

Sikuwa nimeliwaza hilo, na nadhani Dokta Floris pia hakuliwaza.

Nilifungua kabati la joto nikatoa mirija miwili. Ilikuwa imekaa humo tangu Jumamosi, na mimi mwenyewe nilikuwa sijaitazama. Niliishika mbele ya dirisha. Wa kwanza ulikuwa safi, unapitisha mwanga. Wa pili ulikuwa umechafuka mweupe, kama maji yanayobaki baada ya kugandisha jibini.

"Hii ni damu yangu," nikamwambia. "Sehemu yake ya maji. Yote miwili ni yangu. Nimewatia humo wadudu wanaomuumiza Bonaria, idadi sawa. Huu wa kwanza hawakuongezeka, kwa sababu chuma changu kimefichwa, hawakipati. Huu wa pili nimeutia tone moja la dawa ya pampu yenye chuma ndani yake. Tone moja."

Alichukua mirija yote miwili, mmoja kila mkono. Alikuwa na vidole vya mtu aliyekanda mkate maisha yake yote, na vilikuwa vimetulia kabisa. Alitazama ule mchafu, akatazama ule safi, akarudi kwenye ule mchafu.

"Na hawa weupe wote ni wao?"

"Ni wao."

"Wanakula dawa?"

"Wanachukua chuma kilichoshikwa na dawa. Dawa yenyewe haina ubaya, Mama Bonaria. Miaka minane imemweka hai, na atairudia. Ila wadudu hawa wakiwemo ndani, inawahudumia wao."

"Kwa hiyo ni mimi niliyekuwa nawapikia."

"Wewe ulikuwa unamlinda. Hukuambiwa."

Aliniwekea mirija mikononi, kwa uangalifu, akasimama. Tulirudi wodini pamoja. Alifunua blanketi, akabandua plasta pole pole kama alivyofanya asubuhi zote, akatoa sindano, akaizungushia pampu mrija wake, akaitia mfukoni mwa koti langu.

"Kaa nayo," akasema. "Nikiwa nayo mimi, jioni mkono wangu utaenda wenyewe."

Bonaria alifungua jicho moja. "Mnaniibia nini?"

"Lala," mama yake akamwambia.

Ilibidi nimwambie Dokta Floris, kwa sababu mpasuaji alikuwa akisubiri kesho. Nilitegemea atakasirika. Alinisikiliza, akavua miwani, akaifuta kwa muda mrefu kuliko ilivyohitaji. Kisha akaenda wodini, akachukua kiti, akakaa mbele ya Mama Vissenta, magoti yao yakikaribia kugusana, akamweleza kila kitu tangu mwanzo. Alimweleza za ndoano, ghala na mlango. Nilimsikia akimwambia, "Jumamosi nilipaswa kukaa hivi." Mama Vissenta akamwambia shati lake siku ile lilikuwa limefungwa vibaya, na kwamba mtu aliyefunga shati vibaya huwezi kumwelewa vizuri hata akisema ukweli. Dokta akakubali.

Jumanne asubuhi homa ilikuwa thelathini na nane na nusu. Mpasuaji alikuja, akabonyeza tumbo, akaondoka bila kusema kitu, nasi tukalichukua hilo kuwa jibu. Jumatano mkojo ulikuwa wa manjano, kama wa mtu yeyote. Ijumaa Bonaria aliomba mkate mkavu wa nyumbani na jibini, akaukuta mkate wa hospitali, akauliza kama huo nao umeota rafuni kwangu.

Alikaa wiki tatu na nusu. Nilipima damu yake kila siku ya pili. Mara nne mfululizo haikuota kitu, si kabatini wala rafuni. Ndipo Dokta akasema pampu irudi.

Tulikuwa wote pale, saa tisa alasiri, jua limeingia mpaka miguuni mwa kitanda. Mama Vissenta aliandaa dawa, akaivuta kwenye bomba, akasafisha ngozi. Akashika sindano. Kisha akaishikilia hivyo hivyo, kidole kimoja juu ya tumbo la binti yake, na haikwenda.

"Mama," akasema Bonaria.

"Nangoja ngozi ikauke."

"Imekauka."

"Damu umeipima leo?" Mama Vissenta akaniuliza.

"Ya juzi haijaota kitu mpaka leo. Safi."

Alitikisa kichwa kuonyesha ameelewa, lakini mkono ulibaki pale ulipokuwa. Dokta Floris alifungua kinywa, nami nikamkanyaga mguu kidogo.

"Lete," akasema Bonaria.

"Hujui."

"Nimekutazama kila jioni kwa miaka minane. Mfumaji gani atashindwa na sindano?"

Alimtoa mama yake sindano vidoleni. Akabana ngozi, akaingiza, akashituka kidogo, akabandika plasta yeye mwenyewe, upande upande. Mama Vissenta alinyoosha mkono kuinyoosha ile plasta, akaurudisha.

"Umeiweka mshazari," akasema.

"Ni tumbo langu."

Tangu siku hiyo Bonaria alijichoma mwenyewe. Mama yake, kwa muda, hakujua afanye nini na jioni zake. Alianza kuja hospitalini Jumanne hata zile ambazo hazikuwa za Bonaria, akakaa kwenye chumba cha kuongezea damu na akina mama wa watoto wadogo. Niliwahi kupita nikamsikia. "Homa ikija na tumbo likiuma," alikuwa anamwambia mmoja, msichana kutoka bondeni mwenye mtoto wa miaka mitatu, "kabla hujampigia mtu simu, toa sindano. Halafu piga simu. Halafu wakikuambia kitu wamesimama kwenye korido, waambie wakae chini." Dokta Floris aliandika barua kwa hospitali nyingine za kisiwani yenye maneno karibu hayo hayo, isipokuwa la mwisho.

Baada ya Pasaka Bonaria aliingia maabara akisubiri damu yake iletwe.

"Bado unao wale wadudu wangu?" akaniuliza.

"Wapo."

"Wapi?"

"Kwenye friji. Wanaipenda."

"Friji mnayoweka chakula chenu?"

"Nyingine."

"Nionyeshe."

Nilimwandalia tone, nikamrekebishia hadubini. Aliinama, akafumba jicho moja. Nilijua anachokiona: vijiti vifupi, vinene kidogo, wakikatiza huku na kule kwenye ubaridi wa tone lile.

"Wanaogelea," akasema.

"Ndani yako hawakuogelea. Kwenye joto wanatulia."

"Walitulia wakawa wanakula."

"Ndiyo."

Aliendelea kutazama. Nje, kwenye korido, nesi alikuwa akiita jina lake mara ya pili.

"Nilidhani watakuwa na sura mbaya," akasema hatimaye. Akanyoosha mgongo, akasugua jicho, akakunja mkono wa sweta mpaka juu ya kiwiko, tayari kwa sindano ya damu, akatoka.